Mti umeshatoka, sebule imepoa: namna ya kuifufua Januari ya baridi

Kama uko huku Marekani kwenye baridi unajua naongelea nini. Krismasi imepita, mwaka mpya umepita, wageni wamerudi makwao, taa umeshazitoa, alafu unakaa kwenye kochi saa kumi na moja jioni nje kiza kitupu, unaiangalia ile kona mti ulipokuwa umesimama unaona kama nyumba ya watu wanaohama. Mwaka juzi mama alinipigia video kutoka Tanga, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia huku macho yapo nyuma yangu, "Marahaba mwanangu, mbona hapo kwako kama ukumbini asubuhi ya baada ya harusi?" Neno lile liliniingia, maana ndo ilivyokuwa. Tangu mwaka ule kila Januari natenga wikiendi mbili za kuishughulikia sebule, na nataka niwape wenzangu mnaoishi huku ninavyofanya, pamoja na yale niliyojifunza kwa kuharibu.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Sebule tulizokulia ni za wageni. Makochi yana vitambaa vya kudarizi, kabati la vioo lina vikombe ambavyo mtoto wa nyumba hujawahi kuvinywea hata siku moja, na mgeni akipiga hodi watoto mnahamia uani. Huku Desemba tunaipanga vile vile, makochi yanasukumwa ukutani ili watu waenee, viti vya kukunja vinatolewa gereji, meza ya chakula inasogezwa katikati. Sasa Januari mpaka Machi nani anakuja? Barabara barafu, watu wamerudi kwenye shifti zao, ni wewe na watoto na blanketi. Kwa hiyo kazi ya Januari siyo kununua vitu, na nani ana hela Januari jamani, kazi ni kuitoa sebule kwa wageni na kuirudisha kwa wenyewe, alafu kuipa mwanga. Mwanga ndo nusu ya kazi yote. Hapa Minnesota wiki ya kwanza ya Januari jua linachomoza kama saa mbili kasoro dakika 10 asubuhi na saa kumi na moja kasorobo limeshazama, yaani masaa 9 hayafiki, wakati mtu wa Tanga au Mombasa kazoea kama masaa 12 mwaka mzima. Mwili unalidai lile jua, ndo maana unaona uvivu na uzito ambao hujui umetoka wapi.

Haya tuanze na mti.

Kama ni wa kweli, usiuburute ulivyo mpaka mlangoni, sindano zake utaziokota mpaka Pasaka. Toa mapambo yote, toa taa, alafu toa maji yaliyobaki kwenye kile kisimamio, ingiza taulo kuukuu liyanyonye maana ukiinamisha yakiwa bado yamo yanaingia kwenye kapeti na yananuka. Tandika shuka la zamani chini, ulaze mti juu yake, ufunge kama unavyofunga furushi la nguo, ndo uutoe nje kwa kutanguliza kitako cha shina, hivo matawi yanajikunja yenyewe, ukitanguliza ncha yanashika mlango na kukwaruza rangi. Miji mingi huku inachukua miti pale unapoweka takataka wiki za mwanzo za Januari lakini wanataka mti mtupu, hakuna mfuko wa plastiki, hakuna hata ndoano moja ya pambo, kwa hiyo angalia kalenda ya mji wako mapema. Usiutupe nyuma ya nyumba kwenye vichaka, miti hii mingi inatoka majimbo mengine na inaweza kuwa na wadudu. Na usiukate ukautia kwenye moto wa ndani eti kuni za bure, mti huu una utomvu mwingi, unawaka ghafla na kurusha cheche, na moshi wake unaacha lami kwenye dohani, lami ambayo ndo inakuja kushika moto siku nyingine.

Sindano zilizobaki kwenye kapeti usizikimbilie na vakyumu, ile brashi inayozunguka inazisokota na kuziba. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, zilowanishe kidogo tu, pitisha mkono juu ya kapeti ukivuta upande mmoja, utaona zinajikusanya zenyewe kama mbegu kwenye ungo. Zitoe kwa mkono, ndo umalizie na vakyumu ile ya mpira mrefu bila brashi.

Mti wa plastiki una kazi yake pia ila ndogo. Vunja kutoka juu kwenda chini, kila kipande kifunge na kamba au utepe, kiandike namba. Usilazimishe lile boksi uliloununulia, haliingii tena hata ufanyeje, tafuta mfuko mkubwa wenye zipu.

Taa zijaribu kabla ya kuzihifadhi. Chomeka, angalia zipi zimekufa, zilizokufa zitoe sasa hivi usije ukazitunza mwaka mzima. Zinazowaka zisokote kwenye kipande cha boksi gumu, kata alama mbili pembeni za kushikia ncha za waya, alafu andika urefu wake na ilikokuwa, "dirishani", "ngazi". Vile vipambo vya kioo mi naviweka kwenye trei za mayai, ile ya mayai 30 ukiipata kwenye duka la vyakula vya kwetu ni hazina, kila kimoja na shimo lake, trei juu ya trei. Mishumaa usiiweke karibu na hita, itapinda yote.

Sasa selotepu na zile ndoano za kubandika. Hapa niliumia. Apatimenti yetu ya kwanza nilibandika mapambo ukutani kwa selotepu ya kawaida, Januari nikayavuta kwa nguvu maana nimechoka nataka kumaliza, rangi ikatoka na selotepu vipande ukubwa wa kiganja, na tulipohama nikakatwa kwenye dipoziti. Fanya hivi, chukua draya ya nywele, weka joto la kati, ipitishe juu ya selotepu nusu dakika hivi mpaka gundi ilegee, alafu ivute taratibu ukiilaza karibu na ukuta, usiivute kuja kwako. Zile ndoano zenye utepe wa kuning'inia chini, utepe unavutwa kuelekea chini sambamba na ukuta, polepole, unarefuka kama mpira mpaka unaachia wenyewe. Gundi iliyobaki kwenye kioo inatoka kwa mafuta ya kupikia na kitambaa. Kwenye ukuta wa rangi usitumie mafuta, yataacha doa, tumia maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo.

Kitu kimoja kabla hujafunga maboksi. Usitoe kila kitu. Watu wengi wanakusanya mpaka vitu ambavyo siyo vya Krismasi, ni vya baridi, mwisho wake sebule inabaki uchi. Nyekundu na dhahabu na watoto wa malaika, haya, viende. Lakini zile taa ndogo nyeupe dirishani, blanketi nene, kikapu chenye koni za misonobari, hivyo viache mpaka Machi, baridi bado ipo sana. Taa zile nyeupe zenyewe zinakusaidia jioni.

Usafi sasa, na usafi unaanzia juu. Kama una panga boi lifute kwanza, panda ngazi na foronya ya zamani, ingiza lile panga lote ndani ya foronya alafu ivute kurudi kwako, vumbi linabaki ndani ya foronya badala ya kukuangukia usoni. Na hapo hapo kwenye kitako cha panga boi, mengi ya huku yana swichi ndogo ya kugeuza mzunguko. Msimu wa baridi liwe linazunguka kama mshale wa saa ukiliangalia kutoka chini, kwa spidi ya chini kabisa. Hewa ya moto inapanda juu inakaa darini, panga likizunguka hivyo linairudisha chini kwa kupitia kuta bila kukupuliza. Sisi panga boi tunalijua kwa joto tu, mwaka wa kwanza niliposikia watu wanaliwasha Januari nilidhani wananitania, nimejaribu, kweli joto linafika miguuni.

Kochi. Watu wamekula pilau pale, watoto wamemwaga juisi. Kabla hujaweka maji wala dawa yoyote, nyanyua ule mto wa kukalia utafute lebo, kuna herufi. W maana yake safisha kwa dawa ya maji, S maana yake maji hapana, tumia ile dawa maalum isiyo na maji, wenyewe wanaiita solvent, WS zote mbili zinaruhusiwa, X usiguse na kimiminika chochote, vakyumu tu. Nimewaona watu wamemwagia maji kochi la S wakabaki na madoa ya duara ambayo hayatoki milele, mahali pasafi pamekuwa pabaya kuliko palipokuwa pachafu.

Doa la mafuta, yaani sambusa na pilau, usilifute, ukilifuta unalisambaza. Linyunyizie unga wa wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kukolezea supu, wenyewe wanauita konstachi, funika doa lote liache nusu saa au saa nzima, unga unanyonya mafuta, alafu uvute na vakyumu. Likibaki kivuli rudia. Likiwa gumu na kochi ni W au WS, tone la sabuni ya vyombo kwenye maji ya vuguvugu, gonga gonga na kitambaa cheupe kuanzia pembeni kuja katikati. Kitambaa kiwe cheupe, cha rangi kitakuongezea doa jingine.

Nta ya mshumaa kwenye kapeti au kitambaa cha meza, weka vipande vya barafu ndani ya mfuko, bandika juu ya nta mpaka iwe ngumu kama jiwe, kwangua kwa kisu butu au kadi ya zamani ya benki. Kilichobaki weka karatasi ya jikoni juu yake, pitisha pasi ya vuguvugu bila mvuke, nta inayeyuka inaingia kwenye karatasi. Badilisha karatasi mpaka itoke kavu. Angalia tu kapeti lako lisiwe la nailoni la kuyeyuka, weka pasi chini kabisa na usiikalishe sehemu moja.

Alafu ile chumvi. Huku barabara zinamwagwa chumvi ya kuyeyushia barafu, wageni wameingia na mabuti, sasa mlangoni mpaka sebuleni kuna mistari myeupe kama chaki. Ukipiga deki na maji ya sabuni tu inakauka inarudi vile vile. Kwenye kapeti vakyumu kwanza ikiwa kavu, alafu siki nyeupe na maji ya vuguvugu nusu kwa nusu, nyunyiza, subiri dakika tano, kandamiza na taulo mpaka inyonye yote. Kwenye sakafu ya mbao punguza siki sana, nusu kikombe kwa ndoo ndogo ya maji, kitambaa kikamuliwe kweli kweli, na ukaushe palepale, mbao na maji ni maadui. Ukimaliza weka trei ya plastiki yenye ukingo mlangoni kwa ajili ya mabuti, maana sheria yetu ya kuvua viatu mlangoni ni nzuri ila mabuti yenye theluji yakivuliwa pale pale yanatengeneza bwawa.

Hapo wikiendi ya kwanza imeisha. Usijilazimishe zaidi, pika chai ya tangawizi pumzika.

Wikiendi ya pili ni ya mwanga na kupanga, na hii ndo mi naipenda.

Anza na madirisha, uyafute kwa ndani. Moshi wa mishumaa, mvuke wa kupika siku zile zote, pumzi za watu 20, vyote vimeganda kwenye kioo na huvioni mpaka upitishe kidole. Dirisha linaloangalia kusini ndo la thamani msimu huu, kwa huku kaskazini ya dunia jua la baridi linapita upande wa kusini na linapita chini sana, saa sita mchana halipandi hata robo ya anga vizuri, kwa hiyo mwanga wake unaingia mlalo mpaka ukuta wa nyuma. Usilizibe. Pazia nzito lisogeze kabisa nje ya kioo mchana, kama fimbo ya pazia ni fupi badilisha ile refu inayopita dirisha kila upande kama sentimita 20, pazia likifunguliwa linakaa ukutani siyo juu ya kioo. Usiku lifunge mapema, kioo kinatoa joto nje. Kama dirisha linapitisha upepo zile plastiki za kubandika kwenye fremu na kuzikaza kwa draya zinauzwa bei ndogo, ukizikaza vizuri hazionekani na utashangaa kochi lililokuwa halikaliki kwa baridi limekuwa la kugombaniwa.

Kioo cha kujitazamia, kile kikubwa kilichoko chumbani kisicho na kazi, kilete sebuleni. Kiweke ukuta wa pembeni ya dirisha au unaolielekea, lakini kwanza kaa mahali unapokaa siku zote uangalie kitakuonyesha nini, kama kitakuonyesha lundo la viatu mlangoni kitaongeza lundo siyo mwanga.

Taa za jioni. Ile taa moja ya darini peke yake inaifanya sebule kama ofisi ya serikali, nyeupe kote na vivuli usoni. Tafuta taa tatu za urefu tofauti, moja ya kusimama, moja ya mezani, moja chini kabisa karibu na kochi, ziweke pande tatu za chumba. Ukienda kununua balbu soma boksi, tafuta imeandikwa 2700K, huo ndo mwanga wa njano njano wa kutulia, zile 5000K ni za gereji na za kufanyia kazi. Lumeni 800 ni sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60, na ya LED inakula wati 9 hivi tu, kwa hiyo tatu zote hazifikii nusu ya ile moja ya zamani. Hapa kama una hela kidogo ya kutumia mwezi huu itumie hapa, siyo kwenye mapambo.

Kupanga makochi. Kabla ya kusogeza chochote, tafuta matundu ya hita sakafuni au chini ya dirisha. Desemba tulivyosukuma makochi ukutani nina hakika kuna kochi limekalia tundu, joto lote linaishia chini ya kochi na wewe unaongeza namba kwenye kipimo cha ukutani na bili inapanda. Mi kwangu lilikuwa hivyo wiki tatu nzima bila kujua. Toa kochi ukutani hata kwa sentimita 20 au 30, lete kochi na viti vikaribiane watu waongee bila kupaza sauti, stuli ya katikati ikae kama sentimita 45 kutoka kwenye kochi, mkono unafika kwenye kikombe na goti linapita. Njia ya kupita iachie kama sentimita 80. Kapeti dogo liingie chini ya miguu ya mbele ya kochi, likielea peke yake katikati chumba kinaonekana kidogo.

Viti vya kukunja virudi gereji, na kabati la vikombe vya wageni, nakuomba, toa vikombe viwili vitatu mvitumie. Kweli. Baridi hii ya miezi mitatu we mwenyewe ndo mgeni wa heshima hapo ndani.

Mito sasa, na hapa sihitaji duka. Kuna khanga kila mmoja wetu anazo zimekunjwa kabatini, nyingine pacha wake ameshapotea. Khanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana kama 110, na upana ule ni kama umetengenezewa mto wa sentimita 45. Ifue kwanza peke yake kwenye maji baridi, maana rangi inachuja na pamba inaruka, alafu ipige pasi. Kata vipande vitatu kwa kusimama, kila kimoja upana 48 na urefu ule ule wa 110, khanga moja unapata foronya tatu. Chukua kipande, zile ncha mbili fupi zikunje sentimita mbili mbili uzishone, sasa una urefu wa 106. Kilaze uso juu, kunja ncha moja ije katikati, kunja na nyingine ije ipande juu ya ya kwanza, mpaka upate mraba wa 45, zitapandiana kama sentimita 16. Shona pembeni huku na huku sentimita moja na nusu ndani, geuza nje ndani, ingiza mto. Hakuna zipu hakuna kifungo, ule mpandiano ndo mlango. Mashine ya mkono inatosha, hata sindano na uzi inatosha ukiwa na subira. Khanga ni nyepesi, kama mto wako ni wa rangi kali utaonekana, shonea kipande cha shuka jeupe kwa ndani.

Kitu kimoja tu, ukikata kwa kusimama hivyo jina la khanga linakatika. Khanga aliyokupa mtu, yenye jina lenye maana kwako, usiikate, itandike nzima mgongoni mwa kochi jina lisomeke. Ya kukatwa iwe ile isiyo na neno moyoni mwako. Vitenge pia vinafaa na ni vizito zaidi.

Hewa. Nyumba imefungwa tangu Novemba, hita inazunguka hewa ile ile. Badilisha filta ya hita, inatakiwa kila mwezi mpaka miezi mitatu kutegemea aina, na baada ya wageni na mishumaa yote ile mi naibadilisha Januari bila kujadili. Fungua madirisha mawili yanayotazamana dakika kumi mchana hata kama nje ni hasi, ukuta hauwezi kupoa kwa dakika kumi. Hewa ya ndani ni kavu mpaka midomo inapasuka na ukigusa kitasa unapigwa shoti, kipimo kidogo cha unyevu ni bei ndogo, lenga asilimia 30 mpaka 40. Ukiona madirisha yanatoka jasho punguza, maji yale yanaingia kwenye fremu yanaleta ukungu.

Udi na ubani najua hatuachi na hatutakiwi kuacha. Ila choma dirisha likiwa limefunguliwa kidogo, chetezo mbali na alamu ya moshi, na usiing'oe betri ya alamu eti inakusumbua, hizi nyumba ni za mbao. Siku ambazo hutaki moshi weka sufuria ndogo ya maji jikoni moto mdogo, tia maganda ya chungwa, kijiti cha mdalasini, karafuu tano sita na iliki mbili zilizopondwa, iache saa nzima ukiongeza maji. Nyumba inanukia na hewa inapata unyevu kwa wakati mmoja.

Mimea nimeiacha mwisho kwa sababu inakwenda kwenye ile kona.

Yule wa majani mekundu wa Krismasi, ambao kwetu kwenye milima ya Lushoto na Arusha unakua kichaka kizima, usiutupe Januari. Toa ile karatasi inayong'aa iliyofunika chungu, maji yanatuama humo mizizi inaoza. Uweke kwenye mwanga, mbali na tundu la hita na mbali na kioo chenye baridi, mwagilia udongo ukikauka juu. Kama huna mkono wa mimea nunua ule wanaouita ZZ, majani mazito yanayong'aa, asili yake ni mashariki mwa Afrika, Zanzibar ikiwemo, una viazi chini vinavyotunza maji kwa hiyo wakati huu wiki tatu nne bila maji ni sawa tu na hata kona ya kiza unavumilia. Watoto wasiutafune, unawasha mdomo. Majani yote yafute vumbi na kitambaa kibichi, mwanga wenyewe mdogo, vumbi linauzuia.

Ile kona ya mti sasa. Usiiache tupu na usiijaze kabati. Mi nimeweka kiti kimoja cha mikono, ile taa ya kusimama, mto mmoja wa khanga, stuli ndogo, na juu ya stuli chungu cha ua moja dogo la zambarau lenye majani ya manyoya manyoya. Huku linauzwa mpaka kwenye maduka ya chakula na watu wengi hawajui limetoka wapi. Limetoka Usambara, ile milima ya kwetu Tanga yenye msitu wa Amani. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa wilaya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, mwaka uliofuata wakalipa jina la kitaalamu Saintpaulia kutokana na jina la familia yake. Linatoa maua hata katikati ya theluji ukiliweka dirisha la mashariki au karibu na taa. Mwagilia kwa chini, weka maji ya vuguvugu kwenye sahani yake linywe nusu saa, alafu yaliyobaki mwaga. Ukilimwagia maji baridi juu ya majani yanatoka madoa meupe.

Mwisho wa Januari jua linazama saa kumi na moja na robo hivi, mmeshaongezewa karibu saa nzima ya mwanga tangu ile siku fupi ya Desemba, na kwangu mchana lile jua linafika mpaka kwenye kile kiti. Mwaka jana mama kapiga video nimekaa hapo, akaniambia sogeza simu, sogeza tena, akaliangalia lile ua akasema, "Hilo si la kule kwetu Amani?"